Je, Wajua? Walioshika Kibindo cha Chuo

Profesa ametafiti miaka kumi, wazo limekomaa maabara, na bado hakuna mteja hata mmoja. Benki haikopeshi mahali kama hapo. Ndiyo maana baadhi ya vyuo vikuu duniani vimeanzisha mifuko ya mitaji: chuo, wahitimu wake au marafiki zake hutia fedha katika kampuni changa ya mwanafunzi au mhadhiri, hupewa hisa, kisha hungoja. Wanaoamua nani apewe na nani akose ni watu wachache, na wengi wao hawajulikani nje ya kampasi. Safu ya leo ni yao. Msimamo wangu nautoa mapema: mfuko wa namna hii husimama au huanguka kwa macho ya watu wake kuliko kwa ukubwa wa fedha zake.

Je, wajua kwamba mojawapo ya kampuni za kwanza kabisa za mitaji ya aina hii iliasisiwa na mkuu wa chuo kikuu? Mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha, Karl Compton, mkuu wa MIT, aliona ugunduzi mwingi wa wakati wa vita umelala maabara huku viwanda vya nguo vya New England vikidorora. Akaungana na Ralph Flanders, aliyekuwa ameongoza Benki ya Hifadhi ya Shirikisho ya Boston, na profesa wa Harvard aitwaye Georges Doriot. Kampuni yao, American Research and Development, ilifahamika kwa kifupi kama ARD. MIT na vyuo vingine kadhaa vilinunua hisa zake.

Doriot huyo alizaliwa Paris mwaka 1899, akahamia Marekani, akawa jenerali wa jeshi la nchi hiyo wakati wa Vita Kuu ya Pili. Harvard alifundisha kuanzia 1926 hadi 1966. Alipendelea mtu wa daraja la kwanza mwenye wazo la daraja la pili kuliko wazo la daraja la kwanza lililo mikononi mwa mtu wa daraja la pili. Wawekezaji wa leo wanarudia kauli hiyo kila mahali, ila wengi hawajui imetoka kwa mwalimu wa darasani.

Je, wajua kwamba dola 70,000 ziliwahi kubeba karibu nusu ya faida yote ya kampuni iliyodumu miaka 26? Mwaka 1957 wahandisi wawili kutoka maabara ya Lincoln ya MIT, Ken Olsen na Harlan Anderson, walikwenda ARD kuomba mtaji wa kutengeneza kompyuta. Walipewa ushauri wa ajabu: msitaje neno kompyuta mbele ya bodi, maana kampuni kubwa zilikuwa zikipata hasara kwenye biashara hiyo. Hata jina la kampuni likabadilika, ikaitwa Digital Equipment Corporation. ARD ikatoa dola 70,000 na kuchukua asilimia 70 ya hisa. Vijana wakapanga sehemu ya kiwanda cha zamani cha sufu katika mji wa Maynard, wakaanza kazi. Kufikia mapema miaka ya 1970 hisa zile zilikuwa na thamani ya mamia ya mamilioni ya dola.

Na hapa pana jambo linaloniuma kila ninapolisoma. Mwaka 1955, mwaka mmoja baada ya Compton kufariki, MIT ilikata uhusiano wake rasmi na ARD kwa kuona kwamba biashara ya kampuni changa ina hatari mno kwa fedha za chuo. Miaka miwili baadaye wahandisi wa maabara yake yenyewe ndio waliobisha hodi ARD. Compton aliondoka na subira yake. Waliomfuata walikuwa waangalifu, na uangalifu ule ulikuwa na bei.

Je, wajua kwamba mwizi wa nguruwe alikuja kukitajirisha chuo chake? Robert Noyce alisoma Grinnell, chuo kidogo katikati ya mashamba ya mahindi ya Iowa. Mwaka 1948, wanafunzi wakiandaa karamu ya mtindo wa Hawaii, aliiba nguruwe wa meya wa mji. Katika jimbo lile la wafugaji kosa hilo lingeweza kumfikisha jela. Mwalimu wake wa fizikia, Grant Gale, alimpigania pamoja na mkuu wa chuo, na adhabu ikawa kusimamishwa masomo muhula mmoja. Noyce alirudi, akahitimu, akawa mmoja wa wavumbuzi wa saketi unganishi, na mwaka 1968 akaanzisha kampuni ya Intel pamoja na Gordon Moore.

Wakati huo Noyce alikuwa pia mdhamini wa Grinnell. Mdhamini mwenzake, mwanasheria wa Des Moines aitwaye Joseph Rosenfield, ndiye aliyesimamia mfuko wa wakfu wa chuo, na ndiye aliyesukuma fedha ziingie Intel: dola 300,000, nyingine za chuo, nyingine zilizochangwa na wadhamini. Warren Buffett naye alikuwa kwenye bodi hiyo. Fedha zile ziligeuka mamilioni. Rosenfield hakuwa mtaalamu wa chipu za kompyuta, ila alimfahamu Noyce tangu zamani. Kwangu mimi nusu ya hesabu ya uwekezaji ule ilifanywa mwaka 1948, na aliyeifanya ni Grant Gale alipoamua kwamba kijana yule hafukuzwi.

Je, wajua asili ya jina la dawa ya warfarini? Mgonjwa aliyewekewa vali ya moyo ya chuma, awe Dar es Salaam au Nairobi, analijua jina hilo kwa sababu dawa hiyo huzuia damu yake isigande. Herufi nne za mwanzo ni za WARF, taasisi ya wahitimu wa Chuo Kikuu cha Wisconsin. Ilianzishwa mwaka 1925 kwa ajili ya profesa Harry Steenbock, aliyegundua kwamba mwanga wa mionzi isiyoonekana huongeza vitamini D katika chakula. Kampuni ya nafaka ilikuwa tayari kumpa fedha nyingi ili imiliki ugunduzi huo peke yake. Alikataa. Alitaka mapato yarudi kwenye utafiti wa chuo. Wahitimu tisa wakatoa dola 100 kila mmoja, na kwa dola 900 taasisi ikaanza.

Warfarini yenyewe ilianzia kwa mkulima wa Wisconsin aliyefunga safari mwaka 1933, theluji ikimwagika, akiwa amebeba ng'ombe aliyekufa na kopo la damu isiyoganda. Ng'ombe wake walikuwa wamekula majani makavu yaliyovunda. Alifika maabara ya Karl Paul Link, na baada ya miaka mingi ya kazi ikapatikana sumu ya panya, kisha mwaka 1954 dawa ya binadamu. Leo WARF ina kitengo kinachowekeza mtaji katika kampuni zinazotokana na chuo hicho.

Je, wajua kwamba Stanford, chuo kinachotajwa kila inapozungumzwa Silicon Valley, kiliwahi kupata chini ya dola 5,000 kutokana na uvumbuzi wake wote wa zaidi ya miaka kumi? Hiyo ni hesabu ya 1954 hadi 1967. Aliyeibadilisha ni Niels Reimers. Aliona kazi ya uvumbuzi imewekwa mikononi mwa wanasheria wa hataza, akataka watu wanaojua kuuza: mtu mmoja analichukua wazo tangu siku linapoletwa hadi mkataba unaposainiwa. Mwaka wa majaribio, 1969, ulileta dola 55,000. Baadaye ofisi ya leseni aliyoianzisha chuoni ndiyo iliyosimamia leseni ya hataza ya Stanley Cohen na Herbert Boyer ya kuunganisha vinasaba, ambayo iliingizia Stanford na Chuo Kikuu cha California jumla ya dola milioni 255.

Stanford hiyohiyo ilimwacha mwanamuziki wake aondoke. John Chowning aligundua mwaka 1967 namna ya kutengeneza sauti za ala kwa hesabu za masafa. Watengenezaji wa vinanda wa Marekani hawakuelewa. Yamaha ya Japani ilielewa. Chowning, aliyekuwa amenyimwa ajira ya kudumu, ikabidi aitwe tena. Kinanda cha DX7 kilichotoka mwaka 1983 kilijaa katika muziki wa muongo ule duniani kote, na hataza ile ikaleta zaidi ya dola milioni 20.

Je, wajua Stanford ilipata kiasi gani kutoka Google? Hisa milioni 1.8 badala ya ada ya leseni, zikauzwa kwa dola milioni 336 kufikia mwaka 2005. Ofisi ya leseni wakati huo iliongozwa na Katharine Ku, aliyekikalia kiti hicho kuanzia 1991 hadi 2018. Miaka 27. Hilo la miaka ndilo la kutazama, kwa sababu matunda ya kazi hii huja polepole, na kiongozi anayebadilishwa kila baada ya miaka mitatu haoni alichopanda.

Je, wajua kwamba jina la ARCH, mojawapo ya kampuni kubwa za mitaji ya sayansi, limetokana na maabara ya Argonne na Chuo Kikuu cha Chicago? Mwaka 1986 chuo kilimkabidhi Steven Lazarus, ofisa wa zamani wa jeshi la majini aliyekuwa msaidizi wa mkuu wa shule yake ya biashara, jukumu la kutoa uvumbuzi maabara na kuupeleka sokoni. Hakuwa na bajeti ya kuajiri wataalamu, hivyo alichukua wanafunzi wa biashara. Mmoja wao, Robert Nelsen, alibaki, akawa miongoni mwa wawekezaji wanaoheshimika zaidi katika teknolojia ya tiba. Mfuko wao wa kwanza, wa 1989, ulikuwa na dola milioni 9. Baadaye ARCH ilikuwa miongoni mwa wawekezaji wa mwanzo wa Illumina, kampuni ambayo mashine zake husoma vinasaba katika maabara za dunia nzima.

Na wanafunzi wanaoendesha mfuko wao wenyewe je? Wapo tangu 1997, Chuo Kikuu cha Michigan kilipoanzisha Wolverine Venture Fund. Wanafunzi wa uzamili wa biashara husoma maombi, huwapigia simu wateja wa kampuni, hukagua vitabu vya hesabu, kisha husimama mbele ya bodi ya ushauri yenye maprofesa na wawekezaji wazoefu kutetea uamuzi wao.

Uwekezaji wao uliojulikana zaidi una kisa cha kusisimua. Mwaka 1993, katika maabara ya Gérard Mourou hapo Michigan, mwanafunzi mmoja alipigwa jichoni na mwale wa leza wenye mapigo mafupi kupita kiasi. Daktari kijana wa macho, Ron Kurtz, alipomchunguza alishangaa: kovu lilikuwa dogo, duara kamili, kingo zake safi. Hakuwahi kuona jeraha la leza la namna ile. Akauliza ilikuwa leza gani, akaenda maabara, na kutokana na swali lile ikazaliwa kampuni ya IntraLase, iliyowezesha upasuaji wa kurekebisha macho kwa leza badala ya wembe. IntraLase ilipoingia soko la hisa mwaka 2004, mfuko wa wanafunzi ulivuna takriban dola milioni moja. Mourou akashiriki Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2018 kwa kazi ya leza hizohizo.

Tangu 2012 kuna Dorm Room Fund, iliyoanzia Philadelphia kwa fedha za kampuni ya First Round. Wanaochagua ni wanafunzi, wanaochaguliwa ni wanafunzi.

Je, wajua kwamba hata sekondari imewahi? Saint Francis ya Mountain View, California, iliweka dola 15,000 katika Snapchat mwaka 2012. Mzazi mmoja wa shule hiyo, mwekezaji wa kampuni ya Lightspeed, alimwona binti yake na marafiki zake wakitumia programu hiyo mfululizo, akaikaribisha shule kwenye uwekezaji. Snap ilipoingia soko la hisa mwaka 2017, shule iliuza sehemu tu ya hisa zake kwa takriban dola milioni 24. Wazazi walikuwa wameanzisha mfuko wa shule tangu 1990. Hawakukata tamaa katika miaka ile yote ya katikati.

Sasa upande wa pili, maana msomaji anayesikia ushindi tu anadanganywa. Je, wajua kwamba Chuo Kikuu cha Boston kiliweka zaidi ya dola milioni 80 katika kampuni moja ya dawa, Seragen, chini ya uongozi wa John Silber? Uwekezaji ulianza mwaka 1987. Kila kampuni ilipoyumba, chuo kiliongeza fedha. Sehemu kubwa kabisa ya thamani ile ilipotea. Sayansi ya Seragen haikuwa ya kubuni, dawa ilikuwepo. Kosa lilikuwa kuweka fedha za taasisi ya elimu kwenye kapu moja, chini ya mtu ambaye wachache walithubutu kumkatalia. Kamati yenye watu wanaoweza kusema hapana ni kinga ambayo fedha hazinunui.

Harvard ilipitia mtihani huo kwa njia nyingine. Mwaka 1980 rais wake, Derek Bok, alileta pendekezo la chuo kuwa mwanahisa katika kampuni ya vinasaba ya profesa wake Mark Ptashne. Wahadhiri wakapinga kwa nguvu: profesa mwenye kampuni atapandishwa cheo kwa haki? Mwanafunzi wake atafanya utafiti wa elimu au wa biashara? Bok akalirudisha pendekezo kabatini. Maswali yale hayajazeeka, na anayeendesha mfuko wa chuo leo huyakuta mezani kila wiki. Mwaka huohuo, tarehe 12 Desemba, Rais Jimmy Carter alitia saini sheria ya maseneta Birch Bayh na Bob Dole iliyoruhusu vyuo kumiliki uvumbuzi uliofanywa kwa ruzuku ya serikali kuu. Mlango ukafunguka kwa wote.

Je, wajua jinsi wasimamizi wa mifuko wanavyolipwa? Katika mifuko ya mitaji ya kawaida desturi ni asilimia 2 ya mfuko kila mwaka kwa uendeshaji, na asilimia 20 ya faida ikipatikana. Mfuko hupewa takriban miaka 10 ya kuishi. Wanafunzi wengi kwenye mifuko ya vyuo hawaingii kwa ajili ya mshahara. Wanachoondoka nacho ni mafunzo ya kusoma kampuni na watu wake, wakiwa bado na umri wa kukosea.

Ulaya nako mifuko hii ipo. Chuo cha Leuven, Ubelgiji, kiliupa mfuko wake wa 1997 jina la Gemma Frisius, mwanahisabati wake wa karne ya 16 aliyeeleza jinsi saa inavyoweza kumwonyesha baharia longitudo yake, na aliyemfundisha mchora ramani Mercator. Chuo kiliuunda pamoja na benki mbili.

Je, wajua kwamba chanjo iliyojaribiwa Kilifi ina mkono wa mfuko wa chuo? Mwaka 2015 Oxford ilisaidia kuundwa kwa kampuni ya mitaji, Oxford Sciences Innovation, iliyokusanya zaidi ya pauni milioni 300 kwa ajili ya kampuni zinazotoka katika maabara zake. Mwaka uliofuata maprofesa Sarah Gilbert na Adrian Hill wa Taasisi ya Jenner walianzisha Vaccitech, na mfuko huo ukawa mwanahisa wake mkubwa. Corona ilipokuja 2020, teknolojia ya Vaccitech ndiyo iliyozaa chanjo iliyotengenezwa na AstraZeneca, na kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome huko Kilifi kikawa miongoni mwa vilivyoifanyia majaribio. Waliotia fedha mwaka 2016 hawakujua janga linakuja. Waliwajua watafiti.

MIT ilirudi pia, miaka 70 baada ya Compton kuasisi ARD. Mwaka 2016 ilitangaza The Engine, ikatoa dola milioni 25 za mwanzo, kisha ikamkabidhi Katie Rae uongozi. Aliamua kwenda kwenye mambo magumu ambayo wawekezaji wa programu za simu huyakwepa: Commonwealth Fusion Systems, inayotafuta umeme wa muungano wa nyuklia, na Form Energy, inayotengeneza betri za chuma na hewa zilizokusudiwa kuhifadhi umeme kwa saa 100. Kazi kama hizo hazimaliziki kwa miaka mitano.

Na kwetu? Je, wajua kwamba Makerere ni mwanahisa wa kampuni ya magari? Ilianza kwa wanafunzi na wahadhiri wake kushiriki, pamoja na vyuo vingi vya nchi nyingine, katika mradi wa gari la Vision 200 uliokamilika Turin, Italia, mwaka 2008. Waliporudi Kampala, wakiongozwa na profesa Sandy Stevens Tickodri-Togboa na mhandisi Paul Isaac Musasizi, walijenga gari lao la umeme, Kiira EV, lililoonyeshwa mwaka 2011. Mwaka 2016 likafuata basi la Kayoola, lenye paneli za sola kwenye paa. Kutokana na kazi hiyo ikaundwa Kiira Motors, yenye kiwanda Jinja. Serikali ya Uganda ina asilimia 96 ya hisa na Makerere ina asilimia 4. Musasizi, aliyekuwa mhadhiri wa chuo hichohicho, ndiye aliyekabidhiwa utendaji mkuu wa kampuni.